Bomba, paipu, mfereji, mrija: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimwambia muuzaji "nataka bomba", hujamwambia kitu. Neno hili linabeba koki, paipu, sindano, moshi wa gari na hata sifa ya mtu aliyependeza. Majibu yafuatayo yanaanzia kwenye neno lenyewe, yanaishia kwenye bomba linalovuja.

Bomba ni nini hasa?

Ni chombo kirefu chenye uwazi ndani kinachopitisha kitu kutoka mahali hadi mahali: maji, gesi, mafuta, moshi, hewa, hata nyaya za umeme. Neno limetoka kwenye Kireno, ambako bomba ni pampu. Maana hiyo ya zamani haijafa. Bomba la sindano halipitishi tu dawa, linaisukuma. Vivyo hivyo bomba la kupulizia dawa shambani, lile linalobebwa mgongoni. Kwenye maji neno lilihama kutoka kwa kinachosukuma likaenda kwa kinachopitisha, kisha likafika mpaka kwenye koki. Ndiyo maana mtu akisema "funga bomba" hakuna anayekimbilia mita. Kila mtu anaelewa ni koki ya sinki.

Mbona wengine wanasema "mfereji"?

Kwa wasemaji wengi wa Kenya, mfereji ni koki au maji yanayoletwa na bomba, na "maji ya mfereji" ndiyo yale ambayo Tanzania huitwa "maji ya bomba". Tanzania ukisema mfereji, msikilizaji anaona mtaro uliochimbwa ardhini, wa umwagiliaji au wa kutoa maji ya mvua. Hakuna aliyekosea. Tatizo huja pale maelekezo yanapoandikwa kwa ajili ya watu wa pande zote: "safisha mfereji" inaweza kumfanya mmoja ashike brashi na mwingine ashike jembe. Ukiandikia watu usiowajua, tumia koki kwa kile kinachofunguliwa kwa mkono, bomba kwa kinachopitisha maji kikiwa kimefungika pande zote, na mtaro kwa kilicho wazi juu.

Paipu, mrija, neli, mpira, dohani: vinatofautianaje na bomba?

Paipu na bomba ni kitu kimoja kwenye kazi za ujenzi. Fundi akisema "paipu ya robo tatu" na mwenye nyumba akisema "bomba la robo tatu", wanaongelea kitu kilekile cha robo tatu ya inchi; paipu ina nafuu moja tu, haichanganywi na koki.

Mrija ni mwembamba: wa kunywea soda, wa maabara, wa ndani ya mwili. Neli ni jina jingine la mrija au bomba, ila hutajwa zaidi vitabuni kuliko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mpira wa maji unapinda na kukunjwa. Dohani hutoa moshi juu ya jiko au kiwanda, ingawa kwenye magari watu husema bomba la moshi au ekzosi. Mfereji uliofungwa chini ya paa kupokea maji ya mvua huitwa mfereji wa paa au gata, na bomba linaloyateremsha hadi chini ni bomba la mvua.

Ngeli yake ni ipi? Na bomu linaingiaje hapa?

Bomba hili, mabomba haya. Bomba limepasuka, mabomba yamepasuka. Paipu hukaa kwenye ngeli ya I-ZI: paipu imeziba, paipu zimeziba. Mrija na mfereji ni U-I: mrija umeziba, mirija imeziba.

Bomu, mabomu ni silaha ya kulipuka. Herufi mbili zinatosha kubadili taarifa, na makosa ya aina ya "polisi walitumia mabomba ya machozi" huonekana mara nyingi kuliko inavyopaswa.

Nikienda kununua, niseme nini?

Vitu vinne: kazi yake, limetengenezwa kwa nini, kipimo, na daraja la presha. Mfano kamili: "Nataka bomba la PPR la maji ya moto, milimita 25, PN20, vipande sita vya mita nne." Sentensi hiyo inamaliza maswali yote. PPR ni aina ya plastiki, polipropilini. PN ni presha ambayo bomba limeundwa kuihimili likiwa na maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, ikihesabiwa kwa bar: PN10 ni bar 10, sawa na uzito wa maji yaliyosimama mita 100 juu yake. Joto likipanda, uwezo huo unashuka, ndiyo sababu maji ya moto hupewa PN20 hata kama presha ya nyumbani haifiki bar 4.

Maandishi haya huchapishwa ubavuni mwa bomba. Yasome kabla hujalipa, siyo baada ya kupakia. Bomba lisilo na maandishi yoyote ubavuni liache hapohapo lilipo.

"Nusu inchi" ni milimita ngapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na hawana kosa, maana jina lenyewe linadanganya. Nusu inchi ni milimita 12.7. Lakini bomba la chuma la zinki linaloitwa nusu inchi lina upana wa nje wa takriban milimita 21, na uwazi wake wa ndani unakaribia 16. Hakuna mahali popote penye 12.7. Ni jina la kibiashara lililobaki tangu enzi ambazo kuta za bomba zilikuwa na unene mwingine.

Mabomba ya plastiki yanayouzwa kwa milimita, yaani PPR na HDPE (polithini nzito), yanapimwa kwa nje. Kwa matumizi ya kawaida, milimita 20 huchukua nafasi ya nusu inchi, 25 ya robo tatu, na 32 ya inchi moja. Huchukua nafasi, lakini hazilingani. PPR ya milimita 20 ya PN20 ina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo tundu la ndani ni 13.2. Ileile ya PN10 ina ukuta wa 1.9 na tundu la 16.2. Kwa macho zote ni mabomba ya 20, lakini uwazi wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza kwa nusu nzima. Fundi anayeondoa bomba la chuma la nusu inchi na kuweka PPR ya 20 ya PN20 amepunguza njia ya maji bila kujua, kisha mwenye nyumba analaumu tangi. Kwa bomba kuu linaloingia nyumbani, panda hadi 25 au 32, halafu shuka hadi 20 kwenye matawi mafupi yanayokwenda kwenye koki moja.

Aina ipi kwa kazi ipi?

PVC ngumu ya presha inafaa maji ya baridi. Isiwekwe kwenye maji ya moto: karibu na nyuzi 60 inaanza kulainika, na maungio ndiyo huachia kwanza. Isiachwe juani pia, maana miale hulifanya bomba kuwa kavu na jepesi kuvunjika. Likilazimika kukaa nje, lipakwe rangi nyeupe ya maji au lifunikwe. PVC ya maji taka ni nyembamba na haijatengenezwa kubeba presha, hata ikiwa na upana uleule.

HDPE, lile jeusi linalouzwa kwa mviringo, ndilo la kufukia ardhini. Weusi wake unatokana na masizi ya kaboni yanayolikinga na jua, linapinda bila kuhitaji kiwiko, na likifukiwa kwenye mtaro usio na mawe makali halina usumbufu.

PPR ndiyo chaguo la kawaida ndani ya kuta, baridi na moto.

Chuma cha zinki kina nguvu lakini kutu hukila kwa ndani, polepole, hadi tundu linakuwa jembamba kama penseli ilhali nje bomba linang'aa. Na usiweke shaba kabla ya zinki kwa kufuata mwelekeo wa maji: chembe za shaba zinazobebwa na maji huharakisha kuliwa kwa zinki. Zinki kwanza, shaba baadaye.

Mabomba ya risasi, ambayo bado yamo kwenye baadhi ya majengo ya zamani sana duniani, hayafai kwa maji ya kunywa kwa namna yoyote. Ukiyakuta, yaondolewe, kuyachemsha maji hakuondoi risasi.

Bomba la PVC linaungwaje kwa gundi bila kuvuja?

Kata kwa msumeno wa meno madogo, mkato uwe mraba kamili. Kwangua makombo ya ndani na ya nje kwa kisu au tupa, kwa sababu makombo ya nje husukuma gundi nyuma na kuacha njia ya maji. Ingiza bomba kwenye soketi likiwa kavu, weka alama ya kalamu linapoishia, litoe. Kwaruza kwa msasa laini, futa vumbi na mafuta. Paka gundi kiasi cha kutosha kwenye bomba na safu nyembamba ndani ya soketi, sukuma hadi kwenye alama huku ukizungusha robo mzunguko, kisha shikilia nusu dakika. Usipolishikilia, bomba hurudi nyuma lenyewe milimita kadhaa na hutaona.

Gundi nyingi si usalama. Inayobaki ndani hufanya dimbwi na kuendelea kuyeyusha ukuta. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kopo. Kwa bomba la presha, saa 24 kabla ya kufungua maji ni kanuni isiyomletea mtu hasara. Gundi iliyokuwa nzito kama uji na kuvutika nyuzinyuzi imeharibika, itupe.

Na PPR?

Mashine ya kuchomea ifike nyuzi 260. Bomba na koneksheni huingizwa kwenye vichwa vya moto kwa wakati mmoja, bila kuzungushwa. Muda wa kupasha ni sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, sekunde 7 kwa 25 na sekunde 8 kwa 32. Kuanzia kuvitoa hadi kuviunganisha una sekunde 4 kwa 20 na 25, na 6 kwa 32. Halafu acha vipoe dakika 2, au 4 kwa bomba la 32, kabla ya kuvigusa kwa nguvu.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza, kupasha kupita kiasi na kusukuma sana: plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kufanya pete inayoziba tundu. Nje maungio yanaonekana mazuri, shinikizo la majaribio linapita, lakini koki inatoa uzi wa maji. Kwenye bomba la 20, kina cha kuingiza ni milimita 14 hivi. Weka alama na usiivuke. La pili, kurekebisha kona baada ya kuunganisha. Ndani ya sekunde chache za mwanzo unaweza kunyoosha nyuzi chache, baada ya hapo kila unachopinda unakipasua.

Tepu ya tefloni izungushwe upande gani?

Upande wa kukaza. Ukiutazama mdomo wa bomba lenye uzi wa nje (michirizi ya kukazia kama ya skrubu), tepu ifuate mwendo wa saa. Ikizungushwa kinyume, koneksheni inaifumua inapoingia. Kwa nusu inchi, mizunguko 5 hadi 8 ya tepu nyembamba inatosha. Acha uzi wa kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye maji na kwenda kuziba chujio la koki. Uzi wa plastiki ukiingia ndani ya plastiki, kaza kwa mkono kisha ongeza kidogo kwa spana. Ufa wa koneksheni ya plastiki iliyokazwa kupita kiasi mara nyingi hautokei siku ileile, hutokea wiki kadhaa baadaye usiku presha ikipanda.

Maji yanatoka kidogo. Tatizo ni bomba?

Pima urefu kwanza. Kila mita 10 za kimo kutoka kwenye maji ya tangi hadi koki ni bar 1 hivi. Tangi lililo mita 3 juu ya bafu linatoa takriban bar 0.3, na hakuna bomba litakaloongeza hapo. Upana wa bomba huongeza wingi wa maji, haupandishi presha ya maji yaliyosimama. Hita ya papo kwa papo huandikwa presha ya chini kabisa inayohitaji, linganisha.

Kama koki moja tu ndiyo dhaifu, fungua chujio la mdomoni, loweka kwenye siki, rudisha. Kama ni zote, kagua valvu kuu. Geti valvu ya zamani, ile inayofungwa kwa ulimi unaoshuka ndani yake, huweza kukatika ulimi huo, mpini ukazunguka na njia ikabaki imefungwa.

Kama maji yanakuja na kukata kwa mikoromo, bomba limeshika hewa. Hewa hukaa mahali ambapo bomba limepanda kisha kushuka. Funga koki zote, fungua ya chini kabisa hadi maji yatoke bila mikoromo, kisha ifuatayo juu yake, hivyo hivyo hadi ya juu. Ikijirudia, weka valvu ya kutolea hewa kwenye kilele cha ule mpando.

Bomba linagonga ukutani nikifunga koki. Kwa nini?

Maji yanayokimbia yamezuiwa ghafla, na nguvu yake imegeuka wimbi linalorudi ndani ya bomba. Koki za robo mzunguko na valvu za mashine za kufulia ndizo wachokozi wakubwa kwa kuwa hufunga mara moja. Bomba jembamba huongeza tatizo, kwa kuwa maji hukimbia zaidi. Yakizidi mita 2 kwa sekunde makelele huanza. Kaza klipu zilizolegea, punguza presha kama ni kubwa, na karibu na mashine weka kifaa cha kupokea mgongano. Usilizoee: kila pigo linadai kitu kwenye maungio.

Harufu inatoka kwenye sinki ingawa bomba halijaziba.

Chini ya kila sinki, beseni na tundu la sakafuni kuna mtego, ile sehemu iliyopinda inayobaki na maji. Maji hayo, yenye kina cha milimita 50 au zaidi, ndiyo kizuizi pekee kati ya pua yako na chemba. Yakikauka, harufu inapita. Tundu la sakafuni la bafu lisilotumika hukauka lenyewe. Mimina lita moja ya maji, na kijiko cha mafuta ya kula juu yake huchelewesha kukauka tena.

Kama mtego unatoa mlio wa kugugumia kila choo kinapovutwa, maji yake yananyonywa kwa sababu mfumo hauna bomba la hewa, au lipo na limeziba. Bomba la hewa linapaswa kupanda hadi juu ya paa na kubaki wazi, lenye wavu wa kuzuia ndege na wadudu. Kuliziba kwa sababu "linatoa harufu" ni kuhamishia harufu ndani.

Mteremko wa bomba la maji taka la milimita 100 uwe milimita 25 kwa kila mita, yaani sentimita 25 kwa mita 10. Pima kwa pima-maji, usikisie kwa jicho. Na kila linapopinda, weka chemba au kifuniko cha kusafishia.

Mabomba ya kupitishia nyaya yana masharti gani?

Waya tatu au zaidi zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya uwazi wa ndani. Nafasi inayobaki ni ya hewa ya kupoza na ya kuvutia waya bila kuchuna ganda. Kona za nyuzi 90 zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Usitumie mabaki ya bomba la maji kwa nyaya: atakayetoboa ukuta miaka ijayo hatajua anachokikuta.

Njia za hewa za kiyoyozi nazo ni mabomba?

Za mviringo huitwa mabomba ya hewa, za mstatili za bati huitwa njia za hewa au dakti. Presha yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya maji, ndiyo maana zinaweza kuwa za bati jembamba, ila kila mwanya unavujisha. Maungio yazibwe kwa tepu ya alumini au lakiri maalumu. Tepu ya kitambaa hukauka na kubanduka. Ile inayonyumbulika ivutwe inyooke kabisa, maana mikunjo na matumbo yanayoning'inia hula nguvu ya feni. Zinazobeba hewa baridi zivishwe kihami, la sivyo unyevu utagandamana nje na kudondoka kwenye dari, na utaanza kutafuta bomba la maji lisilokuwepo.

Bomba la mafuta ni lipi?

Ni njia ya kusafirishia mafuta kwa umbali mrefu. TAZAMA, kati ya Dar es Salaam na Ndola, limekuwapo tangu 1968 na lina urefu wa kilomita 1,710. Lile la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, ni la kilomita 1,443, na limeundwa kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ghafi ya huko yana nta nyingi na huganda yakipoa.

Mwilini tuseme bomba?

Hapana, mirija: mirija ya uzazi, mrija wa mkojo, mirija ya nyongo. Njia ya chakula ni umio. Kile kinachoingizwa hospitalini kutoa mkojo watu wengi huita mpira wa mkojo.

"Mambo bomba" inamaanisha nini?

Kwamba mambo ni mazuri sana. "Nyimbo bomba", "gari bomba". Hapo neno ni sifa na halibadiliki kwa wingi: magari bomba. Ni lugha ya mtaani, siyo ya barua ya kazi.

Nitajuaje kama bomba linavuja chini ya sakafu?

Funga koki zote na valvu ya tangi la choo. Andika namba za mita, pamoja na zile nyekundu. Subiri saa mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Zikiwa zimesogea, funga valvu inayoingiza maji ndani ya nyumba na urudie: zikisimama, uvujaji uko ndani, zikiendelea, uko kati ya mita na nyumba. Ukishajua upande, funga matawi moja baada ya jingine hadi mita itulie, ndipo uite wa kuvunja sakafu. Baada ya matengenezo, kabla ya kufukia, jaza bomba kwa pampu ya majaribio hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi na uangalie mshale wa kipima presha. Siku yenye jua kali mshale huyumba hata pasipo uvujaji, kwa hiyo jaribu asubuhi na mapema.